Kifuniko cha Sufuria Chini ya Bwawa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kifuniko cha sufuria kinazama. Kinakwenda chini kikiyumba, kushoto, kulia, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, kisha kinatua juu ya vigae vya upande wa kina kirefu na kutulia.

Mwanamke aliyekitupa anachuchumaa ukingoni. Amevaa fulana nyekundu iliyopauka mabegani, kaptura ndefu na kandambili. Filimbi inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Anasubiri maji yaache kucheza, anainamisha kichwa, anakaza macho.

"Kishikio nakiona," anasema. "Fungua."

Mkata tiketi anavuta komeo la geti. Nje wamesimama watu saba, na wa mbele kabisa ni bibi mmoja mwenye goti bovu, ambaye kila asubuhi huja kutembea ndani ya maji ya kiunoni kwa sababu daktari alimwambia huko goti halibebi mzigo.

"Leo umechelewa kuona, Mama Filimbi! Macho yameanza kukuaga?"

"Bibi, macho yangu mazima. Wewe ndiye jana uliniita kaka."

Wote wanacheka, bibi kuliko wote, na bwawa la manispaa linaanza siku.

Mama Filimbi ana miaka arobaini na saba. Alifika hapa kama mfagiaji wa vyumba vya kubadilishia nguo, akafagia miaka kumi na mmoja, na humo humo akajifunza kuogelea, jioni baada ya geti kufungwa, akiwa ameshika ukingo mkono mmoja na ndoo mkono mwingine. Mwokoaji wa zamani alipoacha kazi hapakuwa na mwingine aliyejua kila kona ya bwawa lile. Akapelekwa mafunzo wiki sita, akarudi na cheti, akapanda kiti kirefu. Sasa ni mwaka wa nane.

Katika miaka hiyo ameruka majini kutoa mtu mara nne. Hakuna aliyekufa. Na miaka mitatu ya mwisho hajaruka hata mara moja.

Hapo ndipo matatizo yake yalipoanzia.

Kila jioni mwokoaji anatakiwa kujaza kitabu cha matukio. Kwa miaka hiyo mitatu yeye amekijaza bila kukosa siku hata moja, kwa mwandiko mnene wa kulala: "Hakuna tukio." Ukurasa baada ya ukurasa. Mkaguzi wa halmashauri alipokuja mwezi uliopita alikifungua, akakifunuafunua, kisha akauliza swali ambalo mtaa mzima sasa unalijua kwa moyo: "Kama hakuna tukio, mwokoaji wa siku saba ni wa nini?"

"Kosa ni langu," anasema. "Nilidhani kitabu ni cha mabaya. Mtoto akikimbia kwenye vigae nikampigia filimbi, akasimama, niandike nini? Kijana aliyejifanya bingwa, nikamwona anaanza kumeza maji, nikamwita akarudi, niandike nini? Mimi nikiandika hakuna, nilikuwa najisifu. Kumbe najifukuzisha."

Alhamisi hii madiwani watapiga kura. Kwa sasa tiketi zinalipia theluthi moja ya gharama za bwawa. Theluthi mbili zinatoka kwenye kodi wanayolipa wenye nyumba na wafanyabiashara. Pendekezo lililo mezani linataka waogeleaji wabebe zote. Tiketi, ambayo leo ni bei ya nusu mkate, itakuwa bei ya mikate miwili. Mishahara ya wafanyakazi itatoka getini. Mwokoaji atabaki Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine litawekwa bango la kuwakumbusha watu kwamba wanaogelea kwa hiari yao.

Wiki hii mtaa hauna habari nyingine. Saluni wanabishana, kwa kinyozi wanabishana, na kuna ndugu wawili nyuma ya soko ambao, kwa maneno ya jirani yao, "tangu Jumapili wanasalimiana kwa kukohoa."

Mbishi mkuu ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi linalotazamana na geti. Wanamwita Mzee Risiti, kwa sababu hata akinunua kiberiti hudai risiti.

"Mimi sijui kuogelea," anasema akiwa nyuma ya kaunta. "Baba yangu hakujua. Mke wangu akiona beseni limejaa anarudi nyuma. Sasa niambie, kwa nini nilipie mtu mwingine aende akapigepige maji? Mbele ya duka langu kuna shimo barabarani. Ukilijaza maji, lile nalo ni bwawa. Lile mbona halina mwokoaji?"

Shimo lipo kweli. Pikipiki zinalizunguka kwa heshima.

Alipoambiwa kwamba mchango wa kila mwenye nyumba kwa bwawa ni sawa na bei ya viberiti vitatu kwa mwezi, hakutikisika. "Viberiti ni vyangu. Na risiti yake iko wapi?"

Mtu angedhani Mama Filimbi anamchukia. Wapi! Saa nne kamili, akipumzishwa na mwenzake wa zamu fupi, huvuka barabara kwenda kunywa chai kwenye benchi la duka lile lile, na mabishano huanza kabla sukari haijayeyuka.

"Mzee Risiti, habari ya shimo?"

"Linakua, mwanangu. Linakaribia kuingia darasa la kwanza. Habari ya kodi yangu?"

"Nimeikalia pale juu kwenye kiti. Inakusalimu."

Lakini ukimkalisha faraghani, anakiri kwamba mzee hajakosea yote. Hata yeye anaona wanaokuja na magari kutoka mitaa ya mbali wangeweza kulipa zaidi, na kwamba bibi wa goti angeweza kulipa kidogo zaidi ya anacholipa, "akipunguza ugoro." Anachogomea ni kitu kimoja.

"Maji wauzieni. Hata mkipandisha bei, mimi nitasikitika lakini nitanyamaza. Jicho msiliuze. Jicho lilipwe na watu ambao hawako getini."

Ukimuuliza kwa nini, anasimulia miezi miwili ya majaribio.

Ilikuwa msimu wa joto wa mwaka jana. Halmashauri iliamua kujaribu mpango huu huu: kwa miezi miwili bwawa lijitegemee, na mishahara yote, kuanzia kwa meneja mpaka kwa mfagiaji, itoke kwenye mauzo ya geti. Jumapili ya tatu jua liliwaka kama lina ugomvi na mtu. Bwawa lina kikomo cha watu themanini. Zilikatwa tiketi mia moja arobaini na tatu.

Kifuniko kilikuwa chini kama kawaida. Ni desturi ya Mama Filimbi mwenyewe. Kwenye mafunzo walifundishwa kwamba lazima uone alama nyeusi iliyo chini ya kina kirefu. Usipoiona, hata mtu aliyelala chini hutamwona, na wote watoke. Bwawa hili halikuwa na alama. Aliomba halmashauri, akaomba tena, mwaka ukaisha. Akachukua kifuniko cha sufuria kubwa ya nyumbani, akakipaka rangi nyeusi iliyobaki walipopaka mlango.

Sufuria ilikuwa ya mama mkwe wake, anayeishi nao. "Nilitafuta kifuniko siku tatu," anasimulia mama huyo akiwa jikoni, ambako sufuria yake sasa inafunikwa kwa sahani. "Namuuliza mwanangu, namuuliza mkwe, kila mtu hajui. Siku ya nne naambiwa kiko kazini. Kifuniko changu kina ajira! Mimi mwenyewe sijawahi kuajiriwa."

Jumapili ile, saa nane na dakika arobaini mchana, maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele. Mama Filimbi alitazama chini. Kishikio hakikuonekana. Kifuniko chenyewe hakikuonekana. Akapuliza mara tatu, ndefu, na kunyoosha mkono: wote nje.

Kelele za waogeleaji zilifika sokoni. "Nimelipa!" "Rudisha hela!" Kijana mmoja akamwambia, "Mama, nimeogelea dakika kumi tu, basi nichote kwenye ndoo niende nayo nyumbani?" Hela zikarudishwa. Mwisho wa mwezi kila mfanyakazi alipata pungufu ya kawaida kwa sehemu moja ya tano.

Meneja wa bwawa hakatai kwamba alikasirika. "Mimi si mtu mbaya," anasema. "Nilikuwa na bili ya umeme wa pampu na watu wanane wanaonitazama. Nikiona kichwa kinaingia getini, naona mshahara unaingia. Ndivyo walivyotupanga."

Mkata tiketi, mama wa watoto wawili, hakumsemesha Mama Filimbi siku tisa. "Na bado sijasahau," anasema akipanga tiketi. "Mwanangu alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Nilimwambia, dada, kuna mtu alikuwa anazama? Akasema hajui. Nikamwambia, yaani umetukata mshahara kwa kitu usichokijua?"

"Ni kweli sijui," anasema Mama Filimbi. "Ndiyo kazi yenyewe. Ukiifanya vizuri hutajua kamwe."

Kufikia hapo hadithi inajulikana. Watu wengi mtaani wanaweza kukusimulia, kila mmoja na chumvi yake. Sehemu inayofuata hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mume wake.

Jumapili ya sita, jua lile lile, umati ule ule. Saa tisa kasoro kifuniko kikapotea tena. Aliinua filimbi. Akageuza macho kuelekea dirisha la tiketi, na mkata tiketi alikuwa anamtazama.

"Alinitazama tu. Akilini nikamwona mtoto wake amesimama mlangoni kwa mwalimu mkuu. Nikasema, ngoja. Labda maji yatatulia. Labda wengine watatoka wenyewe."

Alikaa na filimbi mdomoni dakika kumi na mbili. Alihesabu vichwa, akapoteza hesabu, akaanza upya. Upande wa kina kirefu watoto wa shule walikuwa wanarukia majini, wakizama na kuibuka, na kila mmoja alipozama yeye aliacha kupumua mpaka aibuke. Hatimaye wingu likapita, upepo ukaja, watu wakaanza kutoka kufuata nguo zao. Polepole kifuniko kikarudi kuonekana.

Chini hapakuwa na mtu. Jioni ile akaandika kitabuni: "Hakuna tukio."

"Kabla ya hapo, kila nilipoliandika neno lile lilikuwa kweli," anasema. "Siku ile niliokota bahati, nikaiandika kama kazi."

Mvua zikaanza, majaribio yakaisha, mishahara ikarudi kutoka halmashauri. Siku ya kwanza baada ya hapo maji yalipochafuka kidogo, alipuliza bila kumtazama mtu.

Sasa pendekezo linataka ile miezi miwili iwe ya kudumu, na madiwani wamempa nafasi ya kuzungumza Alhamisi. Dakika tano. Mume wake, fundi cherehani, humpimia muda kwa simu huku akikunja pindo za suruali za wateja barazani. Mara ya kwanza alizungumza dakika kumi na tisa, nyingi zikiwa juu ya pampu. Mara ya pili kumi na moja. Juzi alifuta yote, akabakiza kisa cha zile dakika kumi na mbili za filimbi mdomoni.

"Nilimwambia, mke wangu, utajimaliza," anasema fundi. "Watasema, kumbe mwokoaji mwenyewe alizembea. Watakunyang'anya hata hiyo Jumamosi na Jumapili." Anavuta uzi, anaukata kwa meno. "Akaniambia, hiyo ndiyo hoja. Kama mimi nilizembea, ambaye mnaniita Mama Filimbi, atakayekuja baada yangu mtamlipa kutoka wapi ili asizembee?"

Jumatatu saa nne, kwenye benchi la duka, alimweleza Mzee Risiti wazo lake la maji na jicho, bila kutaja zile dakika kumi na mbili. Mzee alikoroga chai.

"Yaani maji walipe wao, jicho tulipe wote."

"Ndiyo, baba."

"Hapo nipe nafasi nifikirie." Akainua kijiko. "Nifikirie, nimesema. Sijasema ndiyo. Na shimo langu liko pale pale."

Jumanne saa kumi na mbili jioni, geti limefungwa. Bibi wa goti ameondoka tangu asubuhi, mkata tiketi anafunga dirisha. Mama Filimbi anashusha fimbo ndefu yenye ndoano, ananasa kishikio mara ya kwanza tu, anakivuta kifuniko juu kikichuruzika. Anakifuta kwa taulo, anakitundika msumarini.

Kisha anakaa mezani na vitabu viwili. Kipya ni daftari alilonunua mwenyewe baada ya mkaguzi kuondoka. Humo anaandika kila filimbi na sababu yake. Leo filimbi ni kumi na saba, na tisa kati ya hizo ni za watoto wa familia moja. Cha pili ni kitabu cha mwaka jana. Anakifunua mpaka Jumapili ile. Hafuti chochote. Mbele ya maneno "Hakuna tukio" anaandika, kwa mwandiko ule ule mnene wa kulala: "Filimbi ilichelewa dakika 12." Anaweka sahihi na tarehe ya leo.

"Hili liandike gazetini," anasema. "Alhamisi nitalisema mwenyewe, wasiseme nimefichuliwa."

Anataka nini? Anataka kurudi kwenye kiti chake Ijumaa, siku saba kwa wiki, na mshahara usiotegemea urefu wa foleni. Anataka alama nyeusi ya kudumu ichorwe chini ya bwawa. Anataka kustaafu akiandika "Hakuna", na safari hii iwe kweli kila siku.

Na wakimfukuza?

Anatazama msumarini, ambako matone ya mwisho yanadondoka sakafuni.

"Wakinifukuza, kifuniko naondoka nacho. Si mali ya halmashauri. Ni cha mama mkwe."