Baba, Mlima na Kava Linalong'aa

Nilikuwa napima misumari ya inchi tatu dukani kaka yangu mkubwa aliponipigia simu. Hakusalimia. Kaka asiposalimia ujue kuna jambo, maana hata akiwa na haraka huanza na habari za watoto. Alisema, "Mdogo wangu, Baba ametutoka. Alikunywa chai, akasema ajinyooshe kidogo. Mama alipokwenda kuchukua kikombe akamkuta amekwenda."

Mteja alikuwa bado amenyoosha mkono. Nikamwagia misumari yote iliyokuwa kwenye mizani, nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikasema, "Bwana alitoa." Sehemu ya pili haikutoka.

Waliokuja kutupa pole wengi walimjua Baba kwa jina la Upepo. Katika siku zile za msiba nilimsikia mtu akimweleza mwenzake kwamba mzee aliitwa hivyo kwa sababu ya mwendo kasi. Mungu amsamehe. Gari la Baba halijawahi kuipita baiskeli. Nitaeleza jina lilivyompata, maana nilikuwapo.

Baba alitengeneza malori ya kiwanda cha mikate miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alijinunulia gari dogo la zamani, lile lenye mgongo wa duara na injini nyuma. Halina rejeta wala tone la maji. Injini hupozwa na feni tu, basi.

"Gari lisilokunywa maji haliwezi kukuaibisha njiani," alisema siku alipolileta.

Mama, ambaye ni fundi cherehani na hajui kunyamaza, alimjibu, "Hata ngamia hunywa, baba watoto."

Kanisa letu liko juu ya mlima, na magoti ya Mama yalikuwa yameshagoma. Gari lilinunuliwa kwa ajili hiyo. Jumapili ya kwanza tukapanda wanne, likafika katikati ya mlima likakata tamaa. Tulishuka tukalirudisha chini kwa kulishikilia, na kwaya ikatupita kwa miguu huku ikiimba. "Wenzetu wanasifu wakipanda," Mama akasema, "sisi tunasifu tukiteremka."

Jirani mmoja mwenye gari zuri akajitolea kumpeleka. Baba alinuna siku mbili. "Mke wangu apandishwe kwa Mungu na gari la mwanamume mwingine?" Mama akacheka, akasema haya, atangoja la mumewe. Alisema kwa utani, lakini wiki zikawa miezi, na miezi ikafika minane hajagusa Meza ya Bwana. Kila Jumapili alivaa kilemba chake, akakaa kibarazani mpaka kengele ya mwisho ilipolia juu kule, kisha akakivua. Baba alikuwa akimwona kupitia dirisha. Tangu hapo hakutania tena habari za mlima.

Aliifungua injini yote. Akachonga boksi lake, lile chuma linalobeba silinda, ili ziingie silinda na pistoni kubwa zaidi. Nguvu ikaja, na joto likaja limeshikana nayo mkono. Ukimlisha ng'ombe mara mbili, samadi nayo utazoa mara mbili. Feni ya zamani na kava lake, yaani lile bati linaloifunika na kuusukumia upepo kwenye silinda, havikutosha tena. Ikabidi atafute vingine.

Muuza spea wetu tulimwita Msema Kweli, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshuhudia akiusema. Alimwekea Baba makava mawili juu ya meza. La kwanza lilitolewa kwenye gari lililopata ajali: lina kutu, limebonyea ubavuni, na feni yake ni pana kuliko ya kwetu. La pili lilikuwa jipya, linang'aa mpaka ungeweza kunyoa ndevu mbele yake.

"Mzee, hili ni la magari ya mashindano," alisema Msema Kweli.

Baba alikuwa na miaka sabini, na miwani yake imefungwa kwa waya. Aliposikia neno mashindano, kwisha habari yake.

"Na linapoza?" Mama alimuuliza lilipofika nyumbani.

"Linapoza! Huoni lilivyo?"

"Naona uso wangu. Upepo siuoni."

Baba akalifunga, akabadilisha na puli, kile kigurudumu cha mkanda, ili feni izunguke mbio zaidi. Injini ikawa inavuma hata kuku wa jirani wakahama. Lakini baada ya kuzunguka mtaa mara mbili, silinda ya tatu ilikuwa inachoma kuliko nyingine. Kesho yake hivyo hivyo.

Sasa, Baba alikuwa na msemo wake: fundi habishani, fundi anapima. Alichukua nyuzi nne kwenye kikapu cha Mama, akazifunga chini ya silinda nne, pale upepo unapotokea, akawasha. Nyuzi tatu zikacheza. Wa tatu ukaning'inia kama mkia wa mbwa aliyekemewa.

"Uzi wako huu mbovu," Baba alisema.

"Uzi huo umeshona suti ya mchungaji!"

Akabadilisha uzi. Akabadilisha tena, akaweka mwekundu, eti mweusi unaona haya. Siku nne mfululizo alilala chini nyuma ya gari, anavipuliza vile vinyuzi kwa mdomo, anawaeleza wapita njia habari za upepo, nao wanaitikia kwa heshima huku wakitafuta njia ya kuondoka. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Ikaja Jumapili nyingine, Mama akavaa kilemba, akakivua.

Alipokivua safari hii hakuingia ndani. Alikwenda palipokuwa na gari, akasema, "Hebu livue hilo bati nilione kwa ndani."

Baba akalifungua bila ubishi, jambo lililotushtua. Mama akaingiza mkono ndani ya kava, kama anavyoupitisha ndani ya mkono wa shati kutafuta mshono uliofumuka. Akapapasa huku na huku.

"Humu ni laini tupu. Na lile la kutu, ndani likoje?"

Baba hakuwa ameliangalia kwa ndani.

Kesho yake asubuhi alirudi kwa Msema Kweli akalipindua lile kava bovu. Ndani yake mlikuwa na vibati vilivyokunjwa, kila kimoja kimeelekea kwenye silinda yake, na hata kipoza oili kilikuwa na chumba chake pembeni, hakikuizibia upepo ile silinda ya tatu. Aliyetengeneza lile la kung'aa alikuwa ameweka mng'aro, vibati akavisahau. Baba akaomba kubadilishiwa.

"Kwani mzee, halipozi?"

"Linapoza silinda tatu."

"Tatu kwa nne, mzee! Si haba hiyo."

Baba alilileta la kutu, akaligonga taratibu likanyooka, akalipaka rangi nyeusi, akalifunga pamoja na feni yake pana na puli ya zamani. Mama alikagua kwa mkono kabla halijafungwa. "Ndivyo," alisema. "Nguo isiyo na mshono haikai mwilini. Upepo nao ulikuwa haujaambiwa uende wapi."

"Ndicho nilichokuwa nataka kusema."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kusema wewe."

Nyuzi zote nne zikacheza.

Jumapili iliyofuata Baba aliweka kiganja juu ya injini akaomba. Nilimsikia: "Bwana, mlima ni wako, upepo ni wako. Kava ni langu, kwa hiyo lisimamie." Tulipanda kwa gia ya pili. Tulipopita pale katikati Mama alikuwa ameikumbatia Biblia yake na Baba ametokeza ulimi kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Tukafika. Baba akamshika Mama mkono mpaka kwenye benchi, halafu akatoka kwenda kushika silinda. Alirudi wimbo wa pili unaisha, akapokea mkate kwa vidole vyeusi vya oili. Mchungaji aliviangalia vile vidole, akampa. Mama alikuwa analia, na hakutoa leso.

Tulipanda Jumapili kumi na nne. Jumatano iliyofuata ndiyo ile simu.

Tulimzika Jumamosi, kwenye makaburi ya kanisa. Ndugu walileta gari kubwa la kumchukua Mama, akawashukuru, akapanda la kwetu, kaka akaendesha. Mchungaji alisoma, akaomba. Kaka na wajomba walishusha jeneza kwa kamba. Mama alitangulia kutia udongo, kwa mkono, mara tatu, nami nikafuata. Wanaume wakafukia, wakasawazisha kwa majembe, tukaweka maua. Wimbo mmoja uliimbwa, beti zote. Mama alibaki amesimama mpaka watu wakapungua, kisha akasema, "Asante, mume wangu. Lala." Ilikuwa kama saa tisa na nusu.