Kilo za Philister

Philister, ambaye watu wengi humwita Mama Linet, amefua mashuka ya wageni huko Diani kwa miaka ishirini na mitatu. Katika londri ya hoteli kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kupima. Huburura furushi la mashuka hadi kwenye mizani, na likifika kilo ishirini na tano, husema basi. Mashine ikishindiliwa zaidi ya hapo hutetemeka na kunguruma, na mashuka hutoka na madoa yake vile vile. Wasichana wapya wakitaka kuongeza taulo mbili tatu ili wamalize mapema, huwaambia kwa upole, "Mwanangu, ihurumie. Hata hiyo ina kiuno."

Kiuno cha Philister mwenyewe ndicho kilichomtia mashakani. Mwaka juzi binti yake Linet alijifungua kwa kupasuliwa, akapoteza damu nyingi. Philister, akiwa kwenye benchi la hospitali, alimwahidi Mungu kwamba Linet akitoka mzima, yeye atapanda kwa miguu yake hadi kwenye msalaba wa kilima cha maombi, kule juu Kwale, kushukuru. Linet alitoka mzima, tena na mjukuu mikononi.

Kina mama wa kanisa lake la Ukunda huenda huko kila Agosti. Hushuka gari Kombani, kisha hupanda kwa miguu wakiimba, kila mmoja na mzigo wake. Kumbebea mwenzako ni mwiko, maana lile jasho ndiyo sadaka yenyewe.

Mwaka jana alikwenda. Kwenye mwinuko wa pili magoti yakakataa. Roselyne, mwenyekiti wao, akasimamisha bodaboda, na Philister akafika msalabani amekaa kitako, begi limelala mapajani kama mtoto. Wenzake wakampigia vigelegele. Yeye alilia, kwa sababu alimwahidi Mungu miguu, si pikipiki.

Basi mwaka huu akaazimia kupunguza mwili. Wiki saba hakugusa chapati wala mahamri. Asubuhi alikunywa maji ya ndimu, jioni akala mchicha na kipande cha samaki ambacho paka angekidharau. Kila Jumatatu, mashuka yakishapimwa, alivua viatu akapanda kwenye mizani ile ile. Tsofa, mwendesha mashine, mtu wa Mackinnon Road aliyekulia nyuma ya mbuzi, aligeukia ukutani kwa adabu.

"Inasemaje leo?"

"Nusu kilo."

"Imekwenda au imekuja?"

"Imekwenda, kwa neema ya Mungu."

"Alhamdulillahi. Lakini na upole wako unakwenda nayo, Mama Linet. Juzi ulimfokea mtu kwa ajili ya soksi moja."

Ilikuwa kweli. Philister akaenda kumwomba radhi mwenye soksi.

Siku ya Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo safari, mizani ilisema zimekwenda kilo mbili na nusu. Philister alifurahi mno. Alikuwa amekuja na begi lake tayari, amelitua karibu na mlango. Maji ya mashine yalipoanza kutambaa sakafuni, Tsofa akaliinua alisogeze, akaguna, akalipeleka moja kwa moja kwenye mizani.

"Kilo kumi na nne! Mama, umejinyima wiki saba kwa kilo mbili na nusu, halafu umejitwika karibu mara sita yake?"

"Ni vitu vidogo vidogo tu."

"Hebu tuvione hivyo vidogo."

Vikatoka kimoja kimoja. Dumu la maji la lita tano. Chupa ya chai. Sufuria. Sukari kilo mbili. Biblia mbili, moja ya akiba. Leso tano, mwavuli, viatu vingine, sindano na uzi, chumvi iliyofungwa kwenye karatasi.

"Chumvi ya nini?"

"Mama Jefwa huisahau kila mwaka."

"Na viatu?"

"Mtu anaweza kukatikiwa."

"Na wewe je, ukikosa kitu?"

Philister akakunja leso ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa. "Sijapata kukosa, Tsofa. Kuomba kwa watu kunanitia haya."

Tsofa akakuna kichwa. "Kwetu, mchungaji akija malishoni na kila kitu chake, wenziwe hununa. Husema, huyu ametuona sisi wachoyo."

Philister aliziangalia namba za mizani kama aangaliavyo furushi lililozidi. Kisha akaanza kupunguza, na badala ya dumu akatia kichupa cha maji. Begi lilipofika kilo nne, akasema, "Basi."

Kesho yake mwinuko wa kwanza ulipita kwa nyimbo. Kwenye wa pili jua likawa kali, na kichupa chake kikabaki kitupu. Magoti yakaanza kutetemeka. Bodaboda ikapunguza mwendo, kijana aliyeiendesha akamtazama. Philister akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyekiti, naomba maji."

Roselyne akasimama. "Philister? Wewe?" Akageuka nyuma na kupaza sauti kama anayetangaza harusi. "Mama Jefwa! Njoo uone, Philister hana maji!"

Wakamzunguka. Huyu maji, huyu chungwa, huyu leso ya kufutia jasho. Mama Jefwa akafika akihema, akamtia chapati mkononi.

"Miaka yote nakula chumvi yako," akasema. "Nilidhani vyangu huvitaki."

Philister akala, akanywa, akapumua, akaendelea. Polepole, akihesabu hatua kwa jina la mjukuu wake, hadi kiganja chake kikagusa mti wa msalaba. Hapo akapiga magoti mwenyewe.

Jumatatu akavua viatu, akapanda kwenye mizani. Tsofa akageukia ukutani.

"Imekwenda au imekuja?"

"Imekuja, kilo nzima. Ni chapati za Mama Jefwa."

"Na magoti?"

"Yalifika," akasema Philister, akiinama kuvaa viatu. "Yote mawili."