Mzee Aliyenisukuma Mpaka Mwisho

Zikiwa zimebaki mita kumi kufika mstari wa kumalizia, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe aliingia uwanjani, akashika kiti changu cha magurudumu kwa nyuma, akanisukuma mpaka mwisho. Watu walisimama wakashangilia. Wanawake walipiga vigelegele.

Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya mnazi kwetu Mambrui miaka minne kabla ya siku hiyo, shingo ikavunjika. Miguu ilikufa. Mikono ilibaki na nguvu mabegani na kidogo kwenye viwiko, lakini vidole havishiki kitu. Hata sauti ilipungua, maana misuli ya kifua nayo ililala. Fundi baiskeli wa Malindi alinifungia magurudumu ya baiskeli kwenye kiti cha hospitali, nikajifunza kuyasukuma kwa viganja vilivyozungushiwa mpira wa tyubu. Kila asubuhi dada yangu alinifikisha barabara ya lami nifanye mazoezi, na kila asubuhi alitokea mpita njia akaniwekea sarafu mapajani. Nikizipangusa chini kwa kiganja, waliziokota na kunirudishia, wakidhani zimeniponyoka.

Katikati ya miaka ya themanini yaliandaliwa mashindano ya wilaya ya mbio za viti pale Malindi. Sharti lilikuwa wazi: atakayemaliza mita mia ndani ya muda uliowekwa, jina lake linapelekwa Mombasa, na huko ndiko timu ya kwenda Nairobi inakochaguliwa. Sikuwa na njia nyingine ya kufika huko. Wiki moja kabla, nilikwenda kwenye kamati ya mashindano nikaomba kamba ifungwe kando ya njia, na watu watangaziwe wasituguse.

Mwenyekiti alicheka. "Bwana wee, nani atakugusa? Wewe si embe la sokoni."

Tulishindana watatu, wote tumepooza viungo vinne. Mpaka mita tisini nilikuwa mbele. Hapo ndipo kiti kilipoanza kwenda chenyewe.

"Bismillahi," ilisema sauti juu ya kichwa changu. "Tulia, mwanangu, nakufikisha."

Nilimtambua. Alikuwa mwenye duka la nguo, mtu wa kutoa sadaka mlangoni kila Ijumaa.

"Niache, mzee! Niache!"

"Usihangaike. Umeshachoka."

Nilipiga kelele kwa pumzi yote niliyokuwa nayo, na pumzi yenyewe haikufika hata kwenye kiti cha mshindani wa pili. Kijana mmoja alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye umati: "Msukume, babu! Thawabu hizo, zisikupite!"

Tulipovuka mstari, mzee alitoa leso yake, yenye madoa mekundu ya tambuu aliyokuwa akitafuna, akanifuta uso. Alinifuta na midomo. Niligeuza shingo kadiri inavyogeuka, naye akaifuata kwa leso.

Mwamuzi wa saa, mwalimu kutoka Kilifi, alikuja akitikisa kichwa. "Ndugu yangu, umesaidiwa. Kanuni hairuhusu."

"Sikuomba msaada, mwalimu. Nimeingiliwa. Nipumzike kidogo, nirudie peke yangu."

Alifikiri, akakubali kuwa ni haki. Akaenda kumwuliza mwenyekiti. Mwenyekiti aligeuka kutazama turubai, ambako sufuria za pilau zilikuwa zimeshafunuliwa.

"Mgeni rasmi hajala tangu asubuhi," alisema. "Chakula kinapoa. Mbio gani tena?"

Sikurudia. Badala yake mzee aliitwa mbele ya kipaza sauti, na mgeni rasmi akamsifu kwa huruma. Alisema watu wa pwani hawawezi kukatazwa kutenda wema. Kisha nikaambiwa nimpe mkono.

Niliuacha mkono wangu ulipolala.

"Kaka, mpe," dada yangu alininong'oneza. "Watu wanatazama. Watasema huna adabu."

Mzee hakungoja. Aliuokota mkono wangu kutoka mapajani, akautikisa mwenyewe, vidole vyangu vikining'inia ndani ya vyake, huku wapiga picha wakimwomba atabasamu. Alitabasamu.

Kabla ya kuondoka, mwalimu alinijia pembeni. Alisema ameandika kwenye fomu kwamba nilikuwa ndani ya muda, kwamba niliingiliwa, na kwamba nipewe nafasi ya kurudia mbio huko Mombasa. Orodha ya waliopelekwa Mombasa ilipotoka, jina langu halikuwamo. Nilimwandikisha dada yangu barua mbili kwa ofisi ya michezo ya Mombasa. Ofisi ilijibu kwamba fomu yangu haina maelezo yoyote ila neno moja: amesaidiwa.

Nilimfuata mwalimu Kilifi. Aliapa mbele ya mkewe kwamba aliandika mistari mitatu, akatia sahihi, akaikabidhi fomu kwa mwenyekiti. Mwenyekiti naye alisema aliipeleka kama alivyoipokea.

Tangu hapo nimesema kwenye mabaraza, kuanzia Matsangoni mpaka Mambrui, kwamba kiti cha mtu hakiguswi bila ruhusa yake. Nimeomba kuiona fomu ile mara nyingi. Kila mara huambiwa kwamba imehifadhiwa, na hakuna aliyewahi kunionyesha.