Kiti cha Mwonjaji

Siku ya kuonja bia, Bi Ulimi hakupaka mafuta ya kunukia, hakunywa kahawa, na tangu jana yake kitunguu hakikuingia sufuriani mwake. Mumewe alikitazama chakula akauliza, "Mke wangu, unaumwa au umetukasirikia?" Kwa miaka kumi na mmoja ulimi wake ndio ulioamua pipa litoke au limwagwe.

Kiwanda chetu ni kidogo: ukumbi mmoja wa mapipa, na mbele yake baa ya viti ishirini. Bia tunayojivunia ni ile kali yenye hopsi nyingi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu. Anayeigugumia hukunja uso. Anayetulia husikia ganda la chungwa, kisha majani mabichi, kisha uchungu unaokawia kooni.

Wifi yake Bi Ulimi, mdogo wa mumewe, alikuja kuhudumia wateja. Wiki ya pili alikuwa akimpelekea mteja glasi, akainusa, akageuza.

"Bosi, hii inanuka soksi."

Tulicheka wote isipokuwa bosi mwenyewe, mpika bia wetu. Alikwenda stoo, akakuta gunia la hopsi limetoboka na hopsi zimechacha. Bia hiyo Bi Ulimi alikuwa ameipitisha asubuhi ileile.

Tangu hapo kila mara ilikuwa "mwiteni wifi anuse". Bi Ulimi aliniambia, kwa kuwa mimi ndiye niandikaye majibu ya waonjaji: "Akicheka, roho inaniuma. Akinyamaza, inaniuma zaidi."

Mwishowe mpika bia alisema kiti cha mwonjaji ni kimoja; atakayeshindwa atahudumia wateja. Jumamosi saa nne alipanga mezani chupa ndogo sita zenye namba tu, tatu za kila mmoja. Katika kila tatu, mbili zilikuwa za pipa jipya na moja ya pipa la zamani, ambalo harufu yake ilianza kufifia. Kazi ilikuwa kuitambua hiyo moja. Ziliachwa nusu saa zipungue ubaridi, maana bia hii ikiwa baridi sana harufu yake hulala.

Mpika bia alipotoka kidogo, Bi Ulimi alizichukua chupa tatu za wifi yake akazitia kwenye friza. Nilimwona. Niliendelea kunoa penseli. Alizirudisha dakika chache kabla ya saa ya kuonja.

Walipomiminiwa, glasi za wifi zilitoka jasho. Aliinusa ya kwanza, akaiweka, kisha akaikumbatia kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto.

"Unasali?" Bi Ulimi akamchokoza.

"Naibembeleza, wifi. Imegoma kusema."

Bi Ulimi alitoka glasi ya kwanza hadi ya tatu bila kusukutua kwa maji, macho yake yote yakiwa kwenye viganja vya mwenzake. Uchungu ulijaa mdomoni, na glasi zote zikawa moja. Alitaja ya pili. Ilikuwa ya kwanza. Wifi alitaja ya tatu, naye akapatia.

Mpika bia alizishika chupa tupu. "Mbona hizi baridi hivi? Nani kazitia friza?"

Niliangalia karatasi yangu.

"Mimi, bosi," wifi akasema. "Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

"Basi usirudie."

Bi Ulimi alimfuata wifi yake mlangoni. "Ulijua ni mimi. Ungesema, ningefukuzwa."

"Halafu kaka yangu angekula wapi? Kwangu?" Wifi alicheka, akamgusa bega, akaenda kukikalia kile kiti.

Bi Ulimi alivaa aproni ya wahudumu, akaja kuchukua sinia kando yangu. Alikuwa akilifuta mahali palipokwisha kuwa safi.

"Kiti nitazoea kukikosa," aliniambia polepole. "Lakini na roho nzuri pia awe nayo yeye?"