Usukani wa Deiwaka

Mkataba wangu wa udereva upande wa mashamba ya miwa ulipoisha tulihamia Ifakara, tukapanga chumba na sebule Kibaoni, nikaanza kutafuta lori la kuendesha. Nilidhani itakuwa rahisi. Bonde zima linalima mpunga, mpunga lazima ubebwe, na mimi leseni ninayo, miaka ya kukokota matela ya miwa ninayo. Kumbe huku leseni huulizwa mwisho. Kwanza wanauliza unafahamiana na nani. Nilizunguka mashine za kukoboa, nikaamkia kila mwenye gari, nikajibiwa kwa heshima kwamba gari lina mtu. Heshima ya namna hiyo inachosha kuliko matusi.

Baadaye nikaelewa kwamba kazi hii haipatikani kwa kuomba, inapatikana kwa kukaa. Madereva wasio na gari hukaa kijiweni karibu na sheli, chini ya turubai la mama muuza chai. Mwenye usukani wake akiumwa au akifiwa, anakuja pale kuchagua mtu wa kumshikia gari mpaka arudi. Huyo anaitwa deiwaka. Sheria yake ni moja na haijaandikwa popote: gari linarudi kwa aliyekupa. Hata kama tajiri mwenye gari amekupenda wewe, linarudi. Ukiling'ang'ania, pale kijiweni hakuna atakayekuachia tena hata pampu ya baiskeli.

Nilikaa masika yote. Mke wangu, ambaye vitumbua vyake ndivyo vilivyokuwa vinatulisha, aliacha kuniuliza nimepata nini. Mara moja tu alisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nikakasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilitaka gari la kudumu, nilale nikijua kesho naendesha nini.

Mavuno yalipoanza, dereva mmoja wa lori la fuso, mtu wa Chita aliyezoea kutununulia chai sisi tusio na kitu, alifiwa na baba yake. Alinikuta kijiweni, akanipa funguo.

"Nishikie, kaka," alisema. "Tukimaliza matanga narudi."

Tajiri wa lile fuso alikuwa mzee wa Kisukuma. Aliuza sehemu ya ng'ombe wake akanunua gari, na alilitunza kama alivyotunza ng'ombe: jioni alilizunguka, akainama kutazama springi, akapapasa tairi moja moja. Safari yangu ya kwanza, kuchukua mpunga Michenga, alipanda nami mbele. Wakati wa kurudi tulifika mahali ambapo barabara ilikuwa bado laini, lile tope jeusi ambalo juu limekauka na chini bado ni uji. Wengi hapo hukanyaga mafuta na kumwachia Mungu. Mimi nilishuka, nikaipima njia kwa miguu, kisha nikawaambia wapakiaji washushe nusu ya magunia. Tukavuka, wakayaleta kwa vichwa, tukapakia upya. Walininung'unikia mpaka Ifakara. Upande wa miwa tela lako likizama, yote yaliyo nyuma yamesimama na madereva wake wanakutukana, kwa hiyo unajifunza woga mapema. Tulipofika mzee alishuka, akainama kutazama springi.

Mwenzangu alichelewa Chita. Yeye ndiye mkubwa wa familia, na kulikuwa na mashauri ya shamba la marehemu ambayo ndugu hawakutaka kuyamaliza bila yeye. Jioni moja mzee aliniita kwake, akanipa kiti.

"Mwanangu, hili gari ni lako sasa," alisema. "Yule ananivunjia springi, na msiba wake hauishi."

Nilifurahi. Nasema wazi, furaha ilifika kabla ya aibu, na kwa muda mfupi nilijiona nikimwambia mke wangu aache vitumbua. Kisha nikamkumbuka yule mtu akiniwekea funguo mkononi. Nilimjibu mzee kwamba nashukuru sana, lakini gari nimelishika tu, mwenyewe yuko msibani. Akasema hajawahi kusikia kwamba gari lake lina mwenyewe mwingine. Akanyoosha mkono, nikampa funguo.

Sikuwa malaika. Nilimhurumia mwenzangu, na kijiwe pia nilikiogopa. Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuloweka mchele wa vitumbua vya kesho.

Nilifikiri mzee atamsubiri dereva wake. Hakumsubiri. Alimpa gari mkwe wake, na siku ile ile likaenda kupakia.

Mwenzangu aliposhuka kwenye treni alikuja moja kwa moja kijiweni, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Watu walikuwa wameshamsimulia njiani, na pale kijiweni wakamsimulia tena, wakinisifu kwamba mimi ni muungwana, sikumsaliti mwenzangu. Nami nilikaa nikisubiri shukrani. Alikaa kwenye benchi kando yangu, akaagiza chai, safari hii ya kwake peke yake, akainywa polepole.

"Ungelichukua tu hilo gari," alisema. "Ungekuwa nalo wewe, siku ukiumwa ningekushikia. Yule mkwe hatujui sisi wa kijiweni. Sasa nani ataniita?"

Benchi lilikuwa fupi, nikasogea apate nafasi.