Kichaka Kilichokufa kwa Kushiba

Mama alipoanza kuumwa miguu, nilimtoa kwetu Pito nikamleta nyumbani kwangu, Sumbawanga mjini. Nilimpa chumba chenye jua, uji wa maziwa, supu, mablanketi na amri ya kutogusa kazi yoyote. Nilijiona mtoto mwema kupindukia. Yeye alishukuru, kisha akakaa dirishani kutwa, na chakula kikawa kinarudi jikoni.

Nilipombana, alisema amewakumbuka ndege wake, chozi. Mteremkoni, juu ya nyumba yetu Pito, penye mawe na upepo, kuna vichaka vya magome mazito na maua meupe makubwa kama bakuli. Moto wa nyika ukivipitia, vinachipua tena. Asubuhi chozi, wale wadogo wa kijani wenye midomo iliyopinda, huja kufyonza utamu wa maua hayo, nyuki na mende wakigombea makombo.

Nikaona hilo ni jambo dogo. Nilikwenda nikang'oa kimoja na udongo wake, nikakileta chini ya dirisha lake. Sisi Wafipa tumekulia kwenye matuta: majani unayafukia, yaoze, ndipo upande. Nikakijengea tuta la heshima, nikaongeza samadi ya jirani mfuga ng'ombe, nikamwagilia asubuhi na jioni. Mke wangu akauliza kama nimeoa mke wa pili.

Kikaanza kuwa cha njano. Nikaongeza samadi. Kikanyauka. Nikaongeza maji. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara. Kilipokauka kabisa nilitaka kuulaumu udongo, lakini udongo wenyewe nilikuwa nimeutengeneza mimi. Chozi hawakuja. Walikuja kuku, wakalichakura tuta.

Mama alikuwa ameona yote kutoka dirishani.

“Mwanangu,” akasema, “kile kimezoea kokoto na baridi. Umekilisha mpaka kimekufa.” Akaitazama sahani yake ya mchana, bado imejaa. “Na mimi nirudishe Pito.”

Niliumia, sikatai. Lakini nilimrudisha. Alipanda mteremko kwa fimbo, akipumzika kila penye jiwe la kukalia, mimi nyuma nimetanua mikono kama golikipa. Alipofika kwenye vichaka vyake aliketi, chozi wakirukaruka juu ya kichwa chake, akatoa kiazi cha kuchemsha kwenye khanga akakila chote. Upepo ulikuwa mkali. Nikavua koti nimfunike.

Akanitazama tu. Nikalivaa tena.