Maua ya Njano Karibu na Mtaro

Hospitalini walimwita Mama Shuka, naye aliitika. Miaka nenda miaka rudi alikuwa kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashine zinazonguruma na mvuke unaokausha koo, akipakua mashuka mazito kwa maji na kuyatoa nje kuyaanika. Jioni nyumbani alikuta mengine yanamngoja: ya dada yake mkubwa, aliyepooza upande mmoja. Kutwa mashuka, kucha mashuka. Ukimuuliza hali, hujibu, "Nipo tu, sijaanguka."

Nyuma ya kamba za kuanikia palikuwa na kipande cha ardhi kilichoachwa, kando ya mtaro. Mvua zilipokwisha, kila kilichoota pale kilikauka. Lakini gugu la aina moja, refu, lenye majani ya kukwaruza, lilikawia mpaka wenzake wote wamekufa, ndipo likafungua maua yake ya njano. Na kwa kuwa hapakuwa na ua lingine la kuendea, nyuki walihamia hapo, na vipepeo weupe nao wakafuata. Hata buibui alikuwepo, wa njano vilevile, kajibanza katikati ya ua akivizia. Maua yaliyotangulia yalikuwa yameshatoa mbegu, na ndege wadogo walining'inia kwenye vishina wakizidonoa.

Mama Shuka hakuwa mtu wa maua. Alipapendea jambo moja: hakuna aliyemfuata huko kumtuma. Aligeuza ndoo, akaketi.

Mchana mmoja alikuja mfyekaji, mzee waliyemtania Panga Butu kwa jinsi alivyofanya kazi polepole. Akamkuta Mama Shuka kaketi, kichwa kimelala begani, mdomo wazi, nyuki wanazunguka kitambaa chake.

"Mama Shuka! We mama! Uko hai?"

Akafungua jicho moja. "Ningekuwa nimekufa, ungeniamshia nini?"

Mzee alicheka, kisha akakumbuka kilichomleta. "Nimetumwa nifyeke hapa. Wakaguzi wanakuja."

"Leo?"

"Leo hii."

Alitaka kugomba, lakini hata ugomvi unataka nguvu. Badala yake machozi yalimtoka, akashangaa mwenyewe, maana hata siku dada yake alipoanguka hakulia.

"Fyeka basi," alisema. "Sijui tu hawa watakula wapi. Kote kumekauka."

Panga Butu akawatazama nyuki, akajikuna shingo. "Mimi na nyuki hatujawahi kupatana. Nitafyeka upande wa njia, unaoonekana. Huku mtaroni nani ataingia na viatu vyake vizuri?"

"Na msimamizi akikuuliza?"

"Nitamwambia panga butu. Si ndiyo sifa yangu mjini?"

Akafyeka nusu. Ndege waliruka kwa kelele, wakatua kwenye nusu iliyobaki. Mama Shuka aliokota maua yaliyoanguka, akaenda nayo nyumbani.

"Nani kafa?" dada yake aliuliza kutoka kitandani.

"Hakuna. Magugu ya kazini, dada."

"Umechoka mpaka unaniletea magugu!"

Nyuki akachomoza kwenye shada, akazunguka chumba. Dada mtu akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. "Yanachanua wakati huu? Yalikuwa wapi siku zote?"

"Yamekawia."

"Kawia ufike. Haya, mfungulie mgeni wako dirisha kabla hajaniuma huu upande unaosikia."

Wakaguzi walikuja hospitalini, wakaishia jikoni. Likizo aliyoomba Mama Shuka ilikataliwa. Mtu wa kumshikia zamu hakupatikana. Mgongo uliendelea kumuuma vilevile. Lakini tangu siku hiyo dada yake hakumpokea tena kwa manung'uniko ya kuchelewa. Alimpokea kwa maswali: mbegu zimekwisha? Yule buibui amepata chochote? Naye Mama Shuka, hoi, aliketi ukingoni mwa kitanda akivua viatu, akamsimulia mawili matatu. Siku nyingine alitia chumvi kidogo.